Kujiandaa kufa si kukimbilia kufa: mwongozo kwa Mkristo wa Malindi

Kwa miaka mingi nimekuwa nikizunguka na akina mama wenzangu wa kanisa kuwaona wagonjwa, kuanzia Maweni hadi Kisumu Ndogo, na mara nyingine ng'ambo ya mto Sabaki. Swali la mbinguni siulizwi sana. Wengi wameshalimaliza na Mungu wao. Ninaloulizwa, kwa sauti ya chini na mlango umeegeshwa, ni hili: "Sasa mama, nifanye nini?" Daktari amesema yake, mchungaji ameomba, watoto wanatazamana. Mgonjwa amebaki na siku zake, hazijulikani ni ngapi, na hakuna aliyemwambia azitumieje.

Haya ndiyo ninayowajibu. Yanamfaa aliye kitandani, ila aliye mzima atayafaidi zaidi, kwa sababu karatasi nyingi nitakazozitaja huandikwa vizuri mkono ukiwa bado hautetemeki.

Tuanze na Shakahola

Hapa kwetu huwezi kuzungumzia kukiendea kifo kwa imani ukaipita Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu ule ulio upande wa bara wa mji wetu, na miili iliyotolewa ilizidi 400. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na watoto wadogo walikuwa miongoni mwao. Miili ililetwa mochari ya hapa mjini. Jamaa walingoja vipimo vya DNA karibu mwaka mzima. Ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Tangu hapo, nikitamka maneno "kuwa tayari kufa" mbele ya watu wa huku, naona nyuso zikifunga. Wana haki.

Kwa hiyo shika kanuni hii kabla ya hatua yoyote. Anayekwambia uache dawa, uache chakula, uwatoe watoto shuleni au uuze shamba ili kuonyesha imani, ondoka kwake siku hiyo hiyo na umwambie chifu. Usingoje ibada iishe.

Mtume Paulo aliandika kwamba kwake kufa ni faida, kisha hapo hapo akaongeza kuwa kubaki katika mwili kunahitajika zaidi kwa ajili ya wenzake. Na katika barua yake kwa Timotheo, ile aliyosema "mwendo nimeumaliza", ukisoma mistari michache mbele unamkuta akiagiza joho lake aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu vyake, na akimhimiza Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi. Mtu anajua kifo kiko mlangoni, naye anaulizia joho! Baridi ilikuwa inakuja na mwili bado ulikuwa wake kuutunza. Hezekia naye aliahidiwa na Mungu miaka kumi na mitano zaidi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikuja na dawa.

1. Ujue ugonjwa wako

Familia zetu zina mazoea ya kumficha mgonjwa. Daktari anaitwa kando, anaambiwa "usimwambie mzee, atakata tamaa", na mzee mwenyewe amelala pale anajua kila kitu ila hana wa kuzungumza naye. Mwulize daktari mwenyewe, ukiwa na mtu mmoja unayemwamini na kalamu. Ugonjwa umefika wapi? Dawa hizi ni za kuponya au za kupunguza makali? Miezi ijayo nitegemee nini? Maumivu yakizidi nitapewa nini?

Hilo la mwisho lisisitize. Kuna tiba shufaa, matibabu ya kumpunguzia mateso mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi, na hufanya kazi sambamba na dawa nyingine. Kuna mofini ya kunywa. Watu wanaiogopa, wanadhani ni dawa ya kumalizia mtu. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiharakishi kifo, inamwacha mgonjwa alale, aongee, aombe. Nimesikia wakisema Mkristo avumilie maumivu kama Bwana alivyovumilia. Mimi sijaona mahali Biblia inaposema maumivu ya saratani ni ibada.

Ukishaujua ukweli, lia. Hezekia aligeukia ukuta akalia sana. Yesu aliomba kikombe kimwepuke, na kaburini kwa Lazaro alitoa machozi akijua fika anakwenda kumfufua. Hofu haifuti ubatizo.

2. Fungua daftari la madeni

Hatua hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Mama yangu alipoambiwa ini lake halitapona, aliniagiza daftari. Nikanunua la kurasa 48, lile la buluu lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani, mimi nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, akaanza kutaja. Muuza samaki wa Shella, shilingi 350. Mwenye duka, sukari kilo moja na kipande cha sabuni. Jirani, sufuria kubwa ya arusi, tuliirudisha bila kifuniko chake. Kisha upande wa pili, wanaomdai yeye hapana, wale anaowadai yeye: watatu, na wawili kati yao akaniambia nikate mstari, "hawa hawana, wasisumbuliwe."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Geuza ukurasa." Kwenye ukurasa ule aliniandikisha jina moja tu, la dada yake. Sikuandika kiasi, hakukuwa na kiasi. Walikuwa hawajasemezana miaka kumi na moja kwa sababu ya kiwanja.

Nilianza na ile 350. Yule baba wa samaki alikataa katakata, akasema mama yako amekula samaki wangu miaka thelathini, nitadai nini. Nilipomweleza kwamba anataka kulala bila kitu cha mtu, akazipokea kwa mikono miwili: "Basi nipe, nisimbebeshe mzigo."

Shangazi wa kiwanja (kwangu ni mama mkubwa, lakini kwa miaka ile tulikuwa tunamwita hivyo kwa hasira) alikuja na tuktuk jioni. Sikusikia hotuba yoyote. Mama alimwambia, "Dada, nimechoka kukukasirikia." Mama mkubwa hakujibu, alichukua leso zilizokuwa zimerundikwa kwenye kiti akaanza kuzikunja moja moja mpaka zikaisha. Kiwanja hakikutajwa. Alilala pale usiku ule na kila usiku uliofuata.

Kwa hiyo fanya hivi. Daftari moja, kurasa tatu: ninaodaiwa nao, ninaowadai, na wa ukurasa wa tatu. Anza na deni dogo la pesa, hilo hukupa nguvu ya yale mengine. Msamaha usiutangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mwite mtu. Akikataa kuja, tuma mjumbe mara moja, halafu mwachie Mungu. Na kama mtu huyo alikudhuru vibaya, alikupiga au alimwingilia mtoto wako, kumsamehe hakukulazimishi kumfungulia mlango.

3. Wosia

Isaya alimwambia Hezekia, "Tengeneza mambo ya nyumba yako." Naona wahubiri wengi hulifanya neno hilo kuwa la kiroho tupu. Mimi huanza na shamba.

Sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakubali wosia wa aina mbili. Wa mdomo lazima utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na una nguvu iwapo utafariki ndani ya miezi mitatu tangu kuutamka. Ukiishi zaidi ya hapo umekwisha kazi. Wa maandishi ndio bora. Utie sahihi yako au alama yako ukiwa na akili timamu, mashahidi wawili au zaidi washuhudie, nao watie sahihi zao. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu, la sivyo fungu lake linaweza kuanguka. Wazee wawili wa kanisa wanafaa, mradi kanisa lenyewe hujaliandikia kitu. Na nikiwa hapo hapo: kiongozi yeyote anayekuja na karatasi ya shamba wakati mtu yuko kitandani, mwambieni arudi mgonjwa akipona.

Usimwache mke, mume au mtoto nje ya wosia kwa hasira. Anaweza kwenda mahakamani na mahakama ikamkatia fungu. Usipoandika wosia kabisa, fahamu kwamba sheria inawahesabu watoto wa kike na wa kiume sawa, hata wajomba wakipiga kelele kiasi gani. Ndugu zetu Waislamu wana utaratibu wao wa mirathi na kadhi wao.

Wengi wetu Malindi tumekaa kwenye ardhi isiyo na hatimiliki. Andika hata hivyo. Taja mipaka, taja kisima, taja minazi: "mitano ya upande wa njia ni ya fulani." Huku kwetu mti una mwenyewe hata kama ardhi si yake, na nimeona ndugu wakipelekana kwa chifu kwa sababu ya mwembe mmoja. Kisha orodhesha pesa zilipo, yaani benki, Sacco, chama, simu. Namba ya siri usiiandike humo.

Ukiwa na mtoto mdogo, au mama mzee anayekutegemea, taja mlezi kwa jina baada ya kumwuliza mwenyewe. Yesu akiwa msalabani, pumzi zinahesabika, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake.

4. Sema utazikwaje

Ukoo mmoja wa hapa una Yohana na Juma. Mtu akifa bila kusema neno, maiti hugombaniwa: huyu anasema alisilimu, huyu anasema alibatizwa, na jeneza linakaa juani. Andika uzikwe kwa imani gani, wapi, na nani aongoze. Waambie ndugu wa upande wa pili wewe mwenyewe, ukiwa hai, na uwape kazi ya heshima siku hiyo. Abrahamu alizikwa na Isaka na Ishmaeli pamoja, katika pango la Makpela, na haikuandikwa kwamba waligombana.

Mambo ya mila nayo yaseme. Katika koo za Kigiriama, mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa heshima, huwekewa kigango, yaani nguzo ya mbao iliyochongwa ya kumkumbuka. Mkristo anayekataa asingoje wanawe wabishane na wazee kwenye kaburi bichi. Aende akae na wazee hao, aeleze kwa adabu. Wala asiwatukane. Vigango vingi viliibwa vikauzwa mpaka makumbusho ya Marekani, na uchungu wa wazee juu ya hilo ni uchungu wa haki.

Gharama. Jirani yetu Mwislamu akifa asubuhi, alasiri ameshasitiriwa. Sisi tunakaa wiki mbili tunachanga, mochari inahesabu siku, na watoto wanabaki na deni la mahema na spika. Andika kikomo: siku zisizidi ngapi, jeneza la mbao gani, watu wale nini. Mama aliandika "wali na maharage, na mbuzi wangu asichinjwe." Andika pia kwamba hutaki disko matanga, zile ngoma za usiku za kuchangisha pesa za mazishi. Zimepigwa marufuku si mara moja na bado zinapigwa, na wasichana wetu ndio wanaolipa.

5. Kazi ya siku zilizobaki

Hapa ndipo watu hutarajia niseme "omba sana". Omba, naam. Lakini uliza pia: ni kipi ninachokijua mimi ambacho kitazikwa nami?

Fundi cherehani mmoja wa kanisa letu, figo zimemwisha, aliomba amalizie sare za kwaya. Siku za kwenda kusafishwa damu alipumzika, siku za katikati alishona mikono miwili, mkono mmoja, baadaye akawa anakata tu na kijana wake anashona. Alifariki sare mbili hazijaisha. Tulizikuta zimekunjwa na kipande cha karatasi kimebanwa kwa pini: "Hii kwapa bado."

Usidharau kazi isiyoisha. Mwaka 1542 Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, akiwa safarini kwenda Goa huko India, alipita hapa Malindi na akamzika msafiri mwenzake. Miaka kumi baadaye, Desemba 1552, yeye mwenyewe alifia kisiwa cha Shangchuan, akingoja chombo cha kumvusha hadi China bara. Hakikuja. Ukipita lile kanisa dogo la Wareno karibu na ufuo, na makaburi yake uani, mkumbuke huyo aliyezika hapa asijue kwamba safari yake itakatikia ukingoni.

Kwa hiyo chagua jambo moja dogo. Mrekodie mjukuu kwenye simu majina ya mababu. Mfundishe binti yako mchuzi wako wa papa, na kipimo cha ukwaju usikifiche. Mwandikie kila mtoto mistari mitano. Kama huna nguvu hata hizo, chagua watu watano wa kuwaombea kwa majina na uwaambie unawaombea. Nimeona mtu mzima akitoka chumbani kwa mgonjwa analia kwa hilo tu.

6. Siku za mwisho: kwa wanaouguza

Sasa naongea na wewe uliyekaa kando ya kitanda.

Itafika siku mgonjwa ataufunga mdomo kijiko cha uji kikija. Utaingiwa na hofu, hasa baada ya Shakahola, kwamba unamwacha afe njaa. Sivyo. Kule watu wenye afya walinyimwa chakula. Hapa mwili unaomaliza kazi umeacha kukihitaji. Mpe kidogo anachotaka, anapotaka. Usimkamue uji mdomoni akiwa hawezi kumeza, utaingia kwenye mapafu. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji, mpanguse midomo na ulimi. Mama alikuwa anakinyonya kile kitambaa kama mtoto, na macho yake yalikuwa yananiangalia yakisema asante.

Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda, mto katikati ya magoti. Atalala sana. Miguu itakuwa baridi. Pumzi itakuwa inakatika, inarudi, na makohozi yatakoroma kooni; mlaze kwa ubavu. Endelea kumpa dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa, na ukiona anateseka piga simu kwa muuguzi, usione haya.

Padre au mchungaji aitwe mapema. Mpako wa wagonjwa na meza ya Bwana vina maana zaidi mtu akiwa anaitikia "Amina" kwa sauti yake. Na punguzeni watu chumbani. Kwaya nzima kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mlango umefungwa, joto la Malindi la mwezi wa tatu, hapana. Watu wawili, sauti ndogo, zaburi anayoijua: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Endelea kumsemesha hata akiwa hajibu. Wauguzi husema masikio hukawia kuondoka. Mwambie daftari limekwisha. Mwambie fulani atamtunza fulani. Wengine hungoja ruhusa.

7. Akishakwenda

Akifia nyumbani, mjulishe naibu wa chifu upate kibali cha kuzika. Akifia hospitalini, karatasi huanzia hapo. Cheti cha kifo kifuatilie mapema, bila hicho benki na mahakama hazikusikilizi. Soma wosia kabla jamaa hawajatawanyika, mbele ya wale mashahidi.

Lieni. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaambia wasihuzunike kama wasio na matumaini. Aliyefiwa asiambiwe "kaza moyo" kila anapofungua mdomo. Mletee maji, muoshee vyombo, na urudi baada ya siku arobaini wakati wengine wote wamesahau njia ya kwake.

Na umalize daftari. Wiki kadhaa baada ya kumzika mama nilikuwa nafagia uvunguni mwa kitanda chake cha ndani, nikakuta kifuniko cha sufuria, kimejaa utando wa buibui. Nilikisugua kwa majivu kikang'aa, nikampelekea jirani nikiwa nimefurahi kweli kweli, maana ndicho pekee kilichokuwa kimebaki bila alama kwenye ukurasa wa kwanza. Jirani alikigeuza, akakitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Hakikuwa chake. Sijui mpaka leo ni cha nani; kiko jikoni kwangu, nafunikia wali.